Tuwahesabu wafu wetu kwa majina, si kwa tarakimu

KUNA usemi unaorudiwa sana Juba, kwamba nchi yetu inahitaji madaktari, wahandisi na mafundi, na kwamba profesa wa dini au wa falsafa ni bidhaa isiyo na mnunuzi. Utausikia kwenye vibanda vya chai, utausikia kwenye malori yanayotoka Nimule, na utausikia hata kwa mzazi aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ili mtoto akasome Kampala. "Falsafa utaila?" ndivyo wanavyouliza.

Sina ugomvi na madaktari wala wahandisi. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, iliyofunguliwa mwaka 2012, kila mfanyabiashara wa mpakani anajua ilivyobadilisha maisha yake. Lakini liko jambo moja kubwa mbele yetu ambalo mhandisi hawezi kulipima na daktari hawezi kulitibu.

Novemba 2024 Rais Salva Kiir alitia saini sheria mbili zilizosubiriwa kwa miaka mingi. Moja inahusu Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji, nyingine inahusu Mamlaka ya Fidia. Vyombo hivyo viliandikwa katika mkataba wa amani wa 2015 na vikarudiwa katika ule wa 2018. Tume ikianza kazi itauliza nani aliua, nani aliamuru na nani alipwe. Hayo ni maswali ya haki kabisa. Hoja yangu ni kwamba lipo swali linalotangulia yote: nani amekufa, jina lake nani, na amelala wapi?

Watu waliotumia maisha yao kueleza kwa nini swali hilo ndilo la kwanza ni hao hao maprofesa tunaowacheka. Wengi wao walikuwa majirani zetu, wa Makerere na Nairobi, na baadhi ya waliyoyaandika waliyapata kwa wazee wetu wenyewe.

Mtaa wenye jina la uhai

Naandika haya nikiwa Hai Malakal, hapa hapa Juba. Kwa Mswahili mgeni jina hili huleta tabasamu. Kwa Kiarabu, hai ni mtaa, kwa hiyo Hai Malakal ni mtaa wa Malakal, jina la ule mji wa Upper Nile. Lakini kwa Kiswahili hai ni yule ambaye hajafa. Ndani ya mtaa huu kuna makaburi ya zamani, na baada ya amani ya 2005 na uhuru wa 2011, familia zisizo na kiwanja zilijenga vibanda katikati ya makaburi hayo. Wapo waliotoka Khartoum wakiwa na matumaini, wakakuta ardhi imegawanywa. Wapo walioletwa na vita vya Desemba 2013. Walipika, walifua na kulea watoto mahali ambapo wengine walikuja kulia.

Wako waliosema ni aibu, na wako waliosema ni umaskini tu. Mimi naona ni swali. Aliye hai ana haki gani juu ya mahali pa aliyekufa, na aliyekufa ana haki gani juu ya aliye hai? Mjumbe wa mtaa hawezi kulijibu peke yake. Hilo ni swali la dini na falsafa, na limeulizwa na watu makini kabla yetu.

Sasa na Zamani

Wa kwanza ni John Mbiti, Mkamba aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931. Alisoma Makerere, kisha Marekani, kisha akapata udaktari wa falsafa Cambridge, Uingereza, mwaka 1963. Mwaka uliofuata alirudi Makerere kufundisha, akakaa hapo hadi 1974. Mwaka 1969 alitoa kitabu chake maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alifariki Uswisi mwaka 2019. Kwa kitabu kingine, kilichotoka 1970, alikusanya mawazo ya zaidi ya makabila 200 ya Afrika kuhusu Mungu.

Kinachotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili ni hiki: Mbiti alipotaka kueleza wakati anavyouona Mwafrika, hakuridhika na maneno ya Kiingereza. Alichukua mawili ya kwetu, Sasa na Zamani. Sasa, kwa maelezo yake, si dakika hii tu. Ni kipindi chote ambacho mtu na jamaa zake wanakiishi na kukikumbuka. Zamani ni bahari kubwa ambamo kila kitu huishia.

Mtu akifa, anasema Mbiti, haondoki Sasa siku hiyo hiyo. Maadamu yupo hata mmoja aliyemjua na anayemtaja kwa jina, marehemu huyo bado ni mtu wa nyumbani. Mbiti aliwaita watu hao wafu walio hai. Hali hiyo hudumu vizazi vinne au vitano. Siku anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu anapozama katika Zamani na kuwa mmoja wa roho zisizo na jina.

Tafakari, ndugu msomaji, maana ya maneno hayo kwetu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha afya na tiba cha London, London School of Hygiene and Tropical Medicine, walikadiria kwamba vita vya tangu Desemba 2013 vilikuwa vimesababisha vifo 382,900 hadi Aprili 2018, karibu nusu yao wakiwa wameuawa. Hesabu hiyo ilifanywa kitaalamu na ni muhimu. Lakini ni tarakimu. Kwa kipimo cha Mbiti, mtu aliyebaki tarakimu amekufa mara mbili: mara ya kwanza kwa risasi au njaa, mara ya pili kwa kukosa wa kumtaja. Kwa kawaida kifo cha pili husubiri vizazi vinne. Kwetu kimekuja pamoja na cha kwanza, kwa sababu mara nyingi aliyemjua marehemu aliuawa naye.

Mbiti hakuachwa aseme peke yake. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao haupo kabisa, au upo wa miezi michache tu. Wasomi wenzake walimpinga vikali, na mimi nasimama nao. Lugha hii hii aliyoazima maneno mawili ina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Mama anayechukua mahindi kwa mkopo Elegu ili alipe baada ya mavuno anaijua kesho vizuri kuliko mawaziri wengi. Hata hivyo, kosa hilo haliondoi ukweli wa lile la majina.

Magendo ya fikra

Mpinzani mkali zaidi alikuwa Okot p'Bitek, Muacholi wa Gulu, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1931. Wengi wanamjua kama mshairi. Wachache wanajua kwamba alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda iliyokwenda Uingereza mwaka 1956, na kwamba alisoma Oxford elimu ya jamii na mila za watu. Waacholi wako pande zote mbili za mpaka, Uganda na huku kwetu Magwi, kwa hiyo huyu naye ni jirani.

Mwaka 1970 Okot alitoa kitabu kuhusu dini za Afrika katika usomi wa Wazungu. Humo hakuwapiga Wazungu peke yao. Aliwageukia na Waafrika wenzake, Mbiti akiwa mmojawapo, akawaita wafanya magendo wa fikra. Msomaji wa mpakani hahitaji kuelezwa magendo ni nini. Mzigo wa sukari unaandikwa chumvi, unapigwa muhuri, unapita. Okot alisema ndivyo wasomi hao walivyofanya: walichukua sifa za Mungu walizofundishwa kutoka kwa Wagiriki wa kale, kwamba yuko kila mahali, anajua yote, anaweza yote, wakazibandika juu ya miungu ya Afrika ili ionekane ina heshima mbele ya Wazungu.

Mfano wake ninaoupenda ni wa neno Rubanga. Mapadri wa Kiitaliano, anasimulia Okot, waliwauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911: ni nani aliyewaumba? Lugha ya Kiluo haikuwa na neno la kuumba kitu kutoka patupu. Swali likageuzwa likawa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee hawakuelewa, maana mtu huzaliwa, hafinyangwi. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba kuna watu ambao uti wa mgongo wao hupinda, na husemwa wamefinyangwa na Rubanga. Basi mapadri wakaondoka na jina hilo, na roho iliyohesabiwa kuwa chanzo cha kibiongo ikawa jina la Mungu Muumba.

Watu hucheka wakisikia kisa hiki. Mimi naona ni onyo kwa Tume yetu. Ukiuliza swali kwa maneno usiyoyapima, utapewa jibu la kitu kingine, na utaondoka umeridhika. Neno maridhiano tunalolitumia kwenye warsha za hotelini limepita mipaka mingi hadi kufika hapa. Sehemu yake imetoka Afrika Kusini, kwa ile tume aliyoiongoza Askofu Desmond Tutu kuanzia mwishoni mwa 1995. Limefanya kazi kubwa huko. Lakini je, Mnuer wa Bentiu, Mdinka wa Bor, Mshilluk wa Kodok na Mbari wa hapa Juba wakilisikia wanasikia kitu kimoja? Nani amewauliza? Hatutaki Rubanga mwingine.

Profesa mahakamani

Kuna atakayesema hayo ni malumbano ya vitabuni. Nimkumbushe kesi iliyowashika Wakenya wote mwaka 1987.

S. M. Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, Mjaluo, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu na baadaye Mahakama ya Rufaa. Mwili ulikaa chumba cha maiti kwa miezi mitano. Ukoo ulishinda, na Otieno alizikwa Siaya tarehe 23 Mei 1987.

Katika kesi hiyo aliitwa shahidi wa aina yake: Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mahakama ilitaka kujua Wajaluo wanaamini nini kuhusu kifo na mazishi, na kwa nini. Falsafa, ile isiyoliwa, ikasimama mbele ya jaji na kuulizwa maswali na mawakili.

Odera Oruka alikuwa amejiandaa kwa kazi ya namna hiyo, maana alikuwa na shauku moja kubwa. Walikuwapo watu waliodai kwamba Afrika haina falsafa kwa sababu haikuandika, na wengine waliodai kwamba falsafa ya Mwafrika ni ya kabila zima, ambamo wote wanawaza sawa. Aliwakataa wote wawili. Alichukua kinasa sauti akaenda vijijini kuwahoji wazee mmoja mmoja, akaandika majina yao na maneno yao. Aligundua kwamba wako wazee wanaoeleza tu kile ambacho kabila husema, na wako wanaosimama na kusema, "Watu wangu husema hivi, lakini mimi naona wamekosea, kwa sababu hii na hii." Hao wa pili aliwaita wanafalsafa, hata kama hawakuwahi kushika kalamu. Kitabu chake kuhusu hekima hiyo kilitoka 1990. Alifariki mwaka 1995.

Hapa tunapata somo la pili kwa Tume. Tusikusanye ushahidi kwa kabila. Tukiandika tu kwamba Wanuer wanasema hivi na Wadinka wanasema vile, tutakuwa tumeanzisha vita vya madaftari. Tumhoji Mzee fulani na Mama fulani, kwa jina lake, na tukubali kwamba anaweza kutofautiana na jirani yake wa damu moja.

Risasi haina mwenyewe

Kati ya maprofesa wa mbali walioshughulika nasi, majina makubwa mawili ni E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya dini ya Wanuer mwaka 1956, na Godfrey Lienhardt, aliyeandika juu ya dini ya Wadinka mwaka 1961. Wote walikuwa wa Oxford. Wa kwanza alifika kwa Wanuer kwa kutumwa na serikali ya kikoloni, muda mfupi baada ya Waingereza kumuua nabii Guek Ngundeng mwaka 1929, na hilo tusilisahau tunapomsoma. Lakini alieleza vizuri desturi moja: Mnuer aliyeua mtu hakuweza kula wala kunywa mpaka aende kwa mwenye ardhi, yule ambaye Waingereza walimwita chifu wa ngozi ya chui, akachanjwe mkono damu itoke. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya ng'ombe wa fidia yangeanza. Damu iliyomwagika ilikuwa jambo kati ya watu, Mungu na ardhi, na ilikuwa na utaratibu wake.

Profesa wa Kimarekani, Sharon Hutchinson, alirudi kwa Wanuer nusu karne baadaye na mwaka 1996 akachapisha alichokikuta. Bunduki zilikuwa zimeingia. Mkuki una mwenyewe, na aliyeurusha anajulikana. Risasi hutoka kwa wengi na huenda mbali, na aliyeua anaweza asijue kama ameua. Hutchinson anaeleza kwamba baadhi ya makamanda waliwaambia vijana kuwa vita hivi ni vita vya serikali, si ugomvi wa nyumbani, kwa hiyo anayeua humo hana deni la damu na hahitaji kutakaswa. Wako waliokubali, na wako waliobaki na mashaka.

Nadhani hapo ndipo penye ufunguo wa masaibu yetu. Kwa miaka mingi kijana alifundishwa kwamba kuna watu ambao kuwaua hakuhesabiki. Aliyeuawa akawa hana jina, kwa hiyo aliyeua akawa hana deni. Huwezi kulirudisha deni mpaka kwanza urudishe jina.

Na inawezekana. Februari na Machi 1999, vita vikiwa vimepamba moto, viongozi wa Wadinka na Wanuer wa magharibi ya Nile walikutana Wunlit, Bahr el Ghazal, chini ya Baraza la Makanisa la New Sudan. Walikaa siku nyingi. Kila upande ulisimama ukataja hadharani waliouawa, ng'ombe walioibwa, wanawake na watoto waliotekwa. Fahali mweupe alichinjwa, agano likawekwa. Machifu, wachungaji na wenye mikuki mitakatifu walikuwa pamoja, na hakuna aliyeona haya. Maneno yalitangulia, kisha damu ya fahali, kisha amani. Sisi tangu hapo tumezoea kuanza na sahihi za wakubwa Addis Ababa au Khartoum, na majina ya wafu huwa hayafikiwi.

Kutoka Musa hadi Nehemia

Nimalizie orodha na Jesse Mugambi, profesa wa falsafa na elimu ya dini wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa sababu anasema na waliorejea moja kwa moja. Kwa miaka mingi wahubiri na wapigania uhuru wa Afrika walipenda habari za Musa na Farao. Mwaka 1990, mbele ya viongozi wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, Mugambi aliuliza: ukombozi ukiisha, tunahubiri nini? Kitabu chake cha 1995 kilijibu kwamba sasa ni zamu ya ujenzi mpya, na mfano wake ni Nehemia, aliyerudi kutoka uhamishoni kuijenga Yerusalemu.

Sisi tuliimba Musa tangu 1983 hadi 2011. Tukavuka. Halafu tukapigana jangwani. Mugambi ana haki ya kutuuliza Nehemia wetu yuko wapi.

Nimekisoma tena kitabu cha Nehemia kwa macho ya mkazi wa Hai Malakal, na nimeona mambo mawili. La kwanza, sababu aliyompa mfalme ya kutaka kurudi haikuwa biashara wala cheo. Alisema mji yalipo makaburi ya baba zake umekuwa magofu. La pili, kitabu hicho kimejaa majina. Sura ya tatu inaorodhesha nani alijenga kipande gani cha ukuta. Sura ya saba inaorodhesha waliorejea, ukoo kwa ukoo, kwa hesabu. Wasomaji wengi huziruka sura hizo. Mjenzi wa taifa hawezi kuziruka, kwa sababu ndizo zilizosema nani ni wa mji huu.

Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kuja kwetu, wengi wao wakipitia Joda na Renk, na wengi wao ni Wasudan Kusini wanaorudi. Mpakani wameandikwa majina ili wapate chakula. Je, kuna aliyewauliza majina ya waliowaacha njiani?

Wanaopinga wana hoja

Najua yapo mapingamizi, na si ya kijinga. Wako wanaosema kutaja wafu ni kuchokonoa kidonda, na kila kabila litatumia orodha yake kudai kisasi. Jibu langu ni kwamba orodha hizo zipo tayari, vichwani mwa watu, na zinasomwa usiku kwenye moto, kila ukoo ukisoma yake tu. Orodha ya siri ndiyo inayoua. Orodha moja ya wote, isiyopangwa kwa kabila bali kwa mahali na mwaka, humlazimisha kila mtu kuona jirani yake naye amefiwa.

Wako Wakristo na Waislamu wanaohofia kwamba tunarudisha matambiko. Hakuna anayelazimishwa kuchinja. Kanisa lina siku ya marehemu, Uislamu una dua zake, na kumwombea mtu kwa jina hakujawahi kuvunja imani ya mtu. Francis Deng, msomi wa Abyei aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Umoja wa Mataifa, ameeleza katika vitabu vyake jinsi Mdinka anavyotamani jina lake libaki limesimama kwa watoto wake baada ya kifo. Tamaa hiyo sijaona dini iliyoikataza.

Wako pia wanaosema mila hizi zimewaumiza wanawake. Ni kweli. Msichana aliyeozwa kwa jina la marehemu, au aliyetolewa kulipia damu ambayo hakuimwaga, ana neno la kusema, naye aandikwe na asikilizwe. Odera Oruka alikwisha tuonyesha kwamba mwenye hekima ni yule anayeweza kuipinga mila ya kwao kwa sababu zenye mashiko.

Kifanyike nini

Kwanza, Tume ianze na daftari la wafu kabla ya kuita shahidi yeyote. Wanaharakati wa kiraia walianza kazi ya kukusanya majina mwaka 2014 kwa nguvu zao wenyewe. Waungwe mkono, wasianze upya.

Pili, vyuo vyetu vitoke darasani. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975, chenyewe ni mrejeaji: kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 kwa sababu ya vita, kikarudi. Kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanza 2008, kuna Bishop Gwynne iliyoanzia Mundri. Kila mwanafunzi wa dini au falsafa apewe mtihani mmoja wa Odera Oruka: nenda ukawahoji wazee watano, uandike maneno yao kwa lugha yao, na majina ya wafu wao. Daftari na kalamu bei yake inajulikana sokoni. Na maneno hayo yabaki hapa. Tumechoka kusafirisha hekima ghafi na kuinunua tena Oxford ikiwa kitabu. Inawezekana kurudisha: mwaka 2009 mwanahistoria Douglas Johnson alileta Juba fimbo ya nabii Ngundeng, iliyochukuliwa na Waingereza 1929. Fimbo imerejea, na maneno nayo yarejee.

Tatu, makaburi ya Hai Malakal yapimwe na kila jina linalosomeka liandikwe kabla mtu yeyote hajaleta tingatinga. Na familia yoyote iliyokaa humo kwa shida nayo iandikwe, ioneshwe pa kwenda. Odera Oruka alisema kuna kiwango cha chini cha utu ambacho kila binadamu anastahili: usalama wa mwili, afya na riziki. Kumheshimu aliyelala chini kwa kumfukuza aliye juu yake bila kumpa pa kulala si heshima kwa yeyote.

Nne ni letu sisi, wafanyabiashara na tuliorejea. Sisi ndio tunaopita Kakuma, Adjumani, Kiryandongo, Kaya, Nadapal na Renk. Tunajua nani alizikwa kando ya barabara ipi na mwaka gani. Tunabeba simu, fedha na salamu za watu kila wiki. Tubebe na majina. Ukimzika mtu ukimbizini, andika jina lake, la baba yake, kijiji chake na mahali ulipomwacha, uyafikishe kwa chifu wake au kwa kanisa au msikiti wake. Mzigo huo hauna ushuru.

Serikali inaweza kuchelewesha Tume, kama ilivyochelewesha mengi. Mahakama Mseto iliyoandikwa 2015 haijawahi kukaa hata siku moja. Lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kuandika jina la ndugu yake leo jioni. Kwa hesabu ya Mbiti tuna vizazi vinne au vitano. Kwa wale ambao aliyewajua amebaki mmoja tu, naye ni mzee, tunaweza tusiwe na hata mwaka mmoja.